Sawa Niliyomjibu Mjomba wa Watu

Nilimtambua kwa miguu kabla sijamwona uso. Nyumba tuliyopanga Mayfair ilikuwa na ngazi za nje, za zege, zenye mwinuko wa kukomoa, na kila mpangaji alizipanda akinung'unika. Yeye, msichana mgeni, alizipanda asubuhi ya Jumamosi akiwa na sanduku begani, magoti yamekunjwa kidogo, unyayo wote umelala chini, bila haraka na bila kupumzika. Hivyo ndivyo tunavyotembea kwetu Uluguru. Mtu wa bondeni hupanda mlima kwa ncha za vidole, akifika nusu anashika kiuno na kutafuta wa kumlaumu. Mimi nilikuwa dirishani na cherehani yangu, nikasema moyoni, huyu katoka mlimani, ila mlima gani sijui.

Ilikuwa mwaka 2016, katikati ya baridi ile kavu ya Johannesburg inayopasua midomo. Kufika jioni nyumba nzima ilikuwa imeshampa jina la Mchina. Sina subira na uvivu wa namna hiyo. Mimi mwenyewe nimeshaitwa Mmalawi, Mnaijeria na yule mama wa Kenya, na sikupenda hata moja. Kwa hiyo nikachukua sahani ya maandazi nikaenda kumgongea, nusu kwa ukarimu na nusu kwa umbea, nimuulize mwenyewe.

Alitoka Indonesia, kisiwa cha Sumatra, kwenye kijiji cha wakulima huko juu ambako, alisema, ukiamka unayaona mawingu yamelala chini yako. Kazi yake ilikuwa kukanda watu mwili kwenye nyumba moja ya mapumziko Midrand, wanakokwenda watu wa maofisini wakishachoka kukaa. Alikuwa akiishi huko huko na wafanyakazi wenzake, akahama kwa sababu ya misikiti ya Mayfair na bucha za halali, na kwa sababu Midrand kila nyumba ina ukuta na hakuna wa kumsalimia mtu. Sasa angepanda teksi mbili kwenda na mbili kurudi. Nilimwambia hiyo ni adhabu. Akajibu kwamba kwao shule ilikuwa upande wa pili wa bonde, na hapakuwa na teksi.

Tulizungumza Kiingereza. Chake kilikuwa cha kuokoteza, changu kina viraka, lakini tulielewana vizuri kuliko ninavyoelewana na watu wengi wenye Kiingereza kizima. Haikuchukua muda akaanza kuniita Uni, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao. Nilimzidi umri, nikalipokea. Mimi nikamwita mdogo wangu, naye akajifunza kuitikia.

Kilichotufunga hasa kilikuwa maneno. Siku moja alishika kipande changu cha sabuni akasema "sabun", nikaacha nilichokuwa nafanya. Nikamwonyesha karatasi, akasema "kertas". Habari kwao ni "kabar", wakati ni "waktu", riziki ni "rezeki", na dunia ni dunia ile ile. Meza aliita "meja", na bendera aliita bendera, haikupungua hata herufi. Tukawa kama watu waliokutana ugenini wakagundua kwamba bibi zao walinunua kwa muuza duka mmoja. Alikuwa akirudi kazini na neno jipya alilolikumbuka ndani ya teksi, ananiambia kabla hata hajavua viatu, nami nabahatisha maana. Tukipatia tunacheka mpaka msusi wa Kikongo wa chumba cha juu anagonga sakafu kwa kisigino.

Neno moja hakuniambia. Mimi ni mtu wa sawa. Mteja akilalamika suruali imebana, namwambia sawa. Binti yangu akiniaga kwenda shule, sawa. Nikikata simu, sawa, sawa haya, sawa. Kila niliposema hivyo yeye alitabasamu kidogo na kuangalia pembeni. Nilidhani anaicheka lafudhi yangu, nikamwachia, kwa kuwa na mimi niliicheka yake.

Binti yangu wakati ule alikuwa shule ya msingi. Amezaliwa hapa hapa Johannesburg, tumebaki wawili tangu baba yake ashike njia yake. Kiswahili anakisikia chote, lakini kukitamka ni kama kumng'oa jino; anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Alipokuwa mdogo alikuwa akijaribu, nami nikawa namdaka kwenye kila ngeli: si kiti yangu, ni kiti changu, si maji yake iko wapi, ni yako wapi. Nina ulimi mkali kwenye ngeli, sijui niliutoa wapi, maana kwetu tulikua tukisema Kiluguru. Akaona ya nini taabu yote hiyo, akanyamaza.

Jumapili tulikuwa tukitoka sisi watatu kutembea, mpaka mahali ambapo kilima cha mchanga wa migodi kinaonekana vizuri upande wa kusini. Kilima chenyewe ni cha manjano, kimekatwa bapa juu, na hakina mti wa maana. Tulikitazama kwa dharau ya watu wanaojua milima. Mdogo wangu alisema mlima usiotoa maji si mlima. Mimi nikasema usiolimika ni kifusi. Binti yangu akauliza, kwa Kiingereza, kama ni kifusi kwa nini kila Jumapili tunafunga safari kuja kukiangalia. Tukamnunulia chipsi.

Kijiji cha mwenzangu nilikijua kupitia simu yake iliyopasuka kioo kwenye kona. Majaruba ya mpunga yameshuka ubavuni mwa mlima, moja chini ya jingine, kila moja na ukingo wake wa udongo ambao lazima uukandike upya kwa mkono kila msimu. Maji yanaanzia jaruba la juu na kushuka kwa zamu, na ole wake atakayemzibia jirani. Juu zaidi kuna mdalasini. Hapo nilimkatiza, maana kwetu pia tunapanda mdalasini, na tukakuta kwamba wote wawili tumekua tukinusa gome lililomenywa asubuhi na kuanikwa mkekani. Kisha akanionyesha picha ya mtoto amelala chali juu ya mgongo wa nyati. Nikamrudishia simu yake. Kwetu nyati ni habari ya msiba. Alinieleza kwa upole kwamba nyati wa kwao wanalima, wanaogeshwa mtoni, na wana haya. Nikamwambia sawa, ingawa sikumwamini, naye akatabasamu vile vile.

Kilichonikalisha chini ni siku aliponiambia kwamba shamba kwao ni la wanawake. Linatoka kwa mama kwenda kwa binti, na mwanamume akioa ndiye anayehamia kwa mkewe. Mjomba, kaka wa mama, anasimamia na kuusemea ukoo, lakini si lake. Nikamwambia hata sisi Waluguru ardhi ya ukoo inafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Nimewaeleza watu wengi jambo hilo hapa mjini, na wanaume karibu wote walidhani nawatania. Yeye hakushangaa. Aliuliza tu langu nani analilima. Nikamwambia mama yangu, na bado ana nguvu. Akauliza na baada yake. Nikamwonyesha chungu kinachochemka, nikaenda kukiepua.

Hali ya kijiji aliieleza bila kuipamba. Wanaume wa kwao wamezoea tangu zamani kwenda kutafuta maisha mbali, hilo halikumshtua mtu. Jipya ni kwamba na wasichana sasa wanaondoka, wengine Malaysia, wengine miji mikubwa ya huko huko, na yeye ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote. Waliobaki ni akina mama wazee na wajukuu. Lami ilikuwa imefika, na pamoja nayo wakaja wachuuzi wanaojipangia wenyewe bei ya pilipili, na watu wa mjini wanaopiga picha majaruba. Mmoja wao alikuwa ameshajenga nyumba ya wageni kwenye majaruba ya jirani. Zege likishamwagwa, maji ya zamu hayapiti tena, na walioko chini wanakauka bila kuulizwa.

Na yeye alikuwa binti pekee. Kaka zake walikuwa wameoa, watoto wao ni wa koo za mama zao. Mama yake akishindwa, jaruba lingekuwa lake au lisingekuwa la mtu. Nyumba iliyobaki na wanaume watupu, kwao inahesabiwa imekwisha. Alinieleza hayo akiwa anakuna nazi, kwa sauti ile ile aliyonieleza habari za pilipili, lakini mbuzi ya nazi ilikuwa imesimama.

Mwaka uliofuata mama yake aliteleza kwenye ukingo wa jaruba akaumia nyonga. Habari zilikuja nusu nusu, maana mtandao wa kule unategemea mawingu. Mara kapelekwa mjini, mara karudishwa, mara hajulikani kama atasimama. Mdogo wangu alikwenda kazini na kurudi, akakanda migongo ya watu, na jioni aliiweka simu mezani akaitazama. Nilimwombea yule mama kila sala kama vile ni wangu. Nilimpenda mwenzangu, hilo sina haja ya kulizungusha.

Simu yenyewe ikaja Jumapili asubuhi. Tulikuwa jikoni, yeye na mikono iliyojaa nazi, mimi mlangoni napindia sketi ya shule, pini zimenijaa mdomoni. Kwa sababu ya mikono yake aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari na kuiweka spika. Ikatoka sauti ya mwanamume, ya pole pole, yenye adabu, ikaongea kwa muda mrefu. Mwenzangu aliitikia kwa neno moja moja, kichwa chini. Nilisikiliza bila aibu yoyote. Sikuelewa kitu, ila masikio yangu yalianza kuokota. Amak, ikasema ile sauti. Mamak. Kisha sawah. Kisha tena mamak, na tena sawah. Mwenzangu alikuwa analia kimya kimya, machozi yanadondokea kwenye nazi.

Mama sawa. Ndicho nilichosikia mimi. Mama yuko sawa, na mtoto analia kwa furaha. Na mimi nimekulia kijiji ambacho simu ya kwanza ilipandishwa juu ya jabali kutafuta mtandao, tukawa tunapiga kelele ili sauti isaidiwe kufika. Tabia hiyo sijaiacha mpaka leo, jirani zangu ni mashahidi. Nikatema pini, nikaisogelea ile simu, nikamjibu yule baba kwa niaba ya nyumba nzima. Sawa, nikamwambia. Sawa, sawa. Sawa kabisa, alhamdulillahi.

Kisha yule baba akauliza kitu, sauti imeshuka. Mwenzangu alinitazama kama hajapata kuniona. Akajifuta mikono kwa khanga yangu niliyoitundika kitini, akajibu maneno machache, mojawapo likiwa Uni. Akaulizwa tena. Safari hii alinyoosha mgongo na kuongea yeye, sentensi nzima, akashusha pumzi, akaongeza nyingine. Yule baba aliitikia kwa upole, wakaagana.

Alipokata alicheka mpaka akashika meza, na huku bado analia. Mimi sipendi kuchekwa bila kuambiwa sababu, nikaanza kuokota pini zangu kwa nguvu. Ndipo akanikalisha, akanieleza.

Sawah ni jaruba la mpunga. Amak ni mama, lakini mamak ni mjomba. Aliyekuwa akiongea ni mjomba wake, na mama hakuwa sawa: angetembea kwa mkongojo, na matopeni asingeshuka tena. Mjomba si mtu mbaya. Paa la nyumba ya ukoo lilikuwa linavuja, dada yake yuko kitandani, hapakuwa na wa kulima, na yule mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameomba kuyakodi majaruba yao kwa miaka mingi. Kwa desturi yao asingeweza kumkubalia bila neno la binti. Alikuwa anamwomba neno hilo, taratibu, kwa heshima. Na mjomba hapingwi. Mwenzangu alilelewa hivyo, nami nililelewa hivyo. Neno la kukubali lilikuwa limeshafika mdomoni mwake.

Hapo hapo, kutoka Afrika, mwanamke mwenye sauti ya mnadani akapaza: jaruba. Jaruba, jaruba. Na ile kabisa yangu ikazidi kuharibu, au kutengeneza, kwa sababu "bisa" kwao ni kuweza. Mjomba alisikia jaruba linawezekana, sifa njema ni za Mungu. Akauliza ni mama gani huyo. Akajibiwa kwamba ni dada mkubwa anayeishi naye, anatoka milimani, kwenye watu ambao ardhi yao inafuata mama. Yule mzee aliona aibu. Alidhani mpwa wake ameketi na wakubwa wake kulizungumza jambo, kama desturi inavyotaka, na yeye ameingia na haraka zake. Ndipo mwenzangu akapata mlango wa kupitia.

"Mamak umesikia," alikuwa amemwambia. "Mimi sijakubali."

Mjomba akaahidi kusubiri mpaka mpunga mwingine upandwe, ili mpwa wake aje mwenyewe au aseme mwenyewe.

Uso uliniwaka moto. Nimesema ndiyo, kumbe nimekataa kwa niaba ya ukoo wa watu nisioujua, kwenye kisiwa nisichoweza kukionyesha kwenye ramani. Nikataka apige tena nimwombe radhi yule mzee. Akanishika mkono.

"Usimpigie, Uni," akasema. "Umelisema nililoshindwa."

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia neno hilo, katika maneno yote tuliyokwishayakusanya, wakati mimi nalitamka kutwa.

"Ungeanza kulichunga," akasema. "Ukisema sawa, mimi naliona. Maji yake, na Amak amesimama ukingoni. Kila siku hapa kwako naliona."

Nililia palepale, na nazi ikaharibika, tukaenda kununua nyingine.

Wiki zilizofuata ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Jaruba likipona, mimi nabaki bila mtu. Nikawa na hasira za bure. Nikagombana naye kwa sufuria aliyoiacha na ukoko, nikagombana na msusi, nikamwambia mteja akashone kwingine. Mwenzangu mwenyewe hakuwa na uhakika. Alikuwa akisimama jikoni akitetea upande mmoja, na kesho yake upande wa pili. Hapa ana mshahara, ana chumba chenye funguo. Kule kuna matope, mgongo, na mpunga ambao panya nao wana fungu lao. Nilimwambia abaki. Nilitaja mshahara, nikataja hospitali, nikataja kwamba kijiji kinachokimbiwa na vijana hakisimamishwi na mtu mmoja. Yote yalikuwa kweli, na nilisema kwa ajili yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwamba mpunga wa jirani wa chini hauhitaji kijiji kizima kurudi, unahitaji maji yapite.

Mwishowe iliamuliwa na mikono yake. Alirudi kazini siku moja akakaa kwenye ngazi, hakuingia ndani, nikamfuata. Alisema alikuwa anamkanda mama mmoja mgongo, akagundua kwamba vidole gumba vyake havikandi tena. Vinakandika. Vinapanda kutoka kiunoni na kusawazisha, vinapanda na kusawazisha, kama anavyofanya kwenye ukingo maji yakikaribia kuletwa. Yule mama alisema hajapata kukandwa vizuri namna ile. Mwenzangu alicheka kidogo, akasema mikono imeshatangulia.

Nilimshonea suruali ya kazi ya kitambaa cha kaki, magoti nimeyatia kitambaa mara mbili, mifuko mirefu ya kuingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Alimwachia binti yangu ile picha ya nyati, imechapishwa, na mimi akaniachia mbuzi ya nazi na fungu la mdalasini wa kwao, mnene na mkali kuliko wetu, ingawa mbele yake sikukiri. Uwanja wa ndege sikwenda. Nilimwambia nina nguo za watu za kumaliza. Nilikaa dirishani nikamtazama akizishuka zile ngazi, upande upande kidogo, kisigino kwanza, sanduku begani. Kushuka ni kazi kuliko kupanda, watu wa mlimani tunalijua hilo. Chini alisimama, akanitazama juu.

"Sawah, Uni," akasema, na ile h yake ya mwisho aliivuta niisikie.

Nilimjibu sawa, lakini sauti ya mnadani siku hiyo haikutoka.

Hakunidanganya kwamba mambo yalikuwa mazuri. Mavuno ya kwanza panya walikula wakasaza. Mama yake alisimamia kila kitu akiwa kitini, ukingoni, na kumrekebisha kwa ncha ya mkongojo. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeongoza nyati. Mwenye nyumba ya wageni aliendelea kuomba, na akaendelea kuambiwa hapana, ila walikubaliana kwamba wageni wake wapite kwenye kingo kwa miguu, na wakichoka wanashushwa kwa mwenzangu akawakande. Hivyo kazi ya Midrand nayo ikapanda mlima. Binamu yake mmoja aliyekuwa Malaysia alipiga simu kuuliza kama kuna nafasi. Mwenzangu alimwambia nafasi ipo, riziki hajui.

Mwaka 2019, adhuhuri moja ambayo mtaa wetu ulikuwa kwenye zamu ya kukatiwa umeme, cherehani imesimama na mimi nimekaa nayo bila kazi, simu ikaita kwa video. Binti yangu alikuwa kando yangu, sasa ameshanipita kimo, anasoma kwa mwanga wa dirisha. Nikaona anga, kisha majani mabichi yanayotikisika, kisha suruali yangu ya kaki imejaa tope mpaka kwenye magoti niliyoyatia mara mbili. Kwao lilikuwa limebaki jua dogo. Mwenzangu alicheka, akageuza simu.

Alikuwepo bibi mdogo, mwembamba, kitini, mkongojo umechomekwa udongoni. Nilijua ni Amak. Mwenzangu akasema mama ameomba kumwona yule mwanamke aliyepiga kelele. Nikatengeneza mtandio. Hatukuwa na lugha hata moja kati yetu, Kiingereza hana, na maneno yote niliyokusanya, sabuni na karatasi na bendera, hayakunifaa kitu. Yule bibi alinitazama. Kisha akainua mkono akaupitisha polepole mbele ya ile kijani yote, kutoka juu mpaka chini ambako maji yalikuwa yanaendelea kwa jirani.

"Sawah," akasema.

"Sawa," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kukubali, ameridhika, kama tumemaliza kikao. Tuliagana kwa kupungiana mikono mpaka picha ikaganda.

Binti yangu alikuwa bado anakitazama kioo kilichozima. Kitabu alikuwa amekifunga. Nilidhani atasema kitu kwa Kiingereza chake. Alijikuna shingo, akayapanga maneno mdomoni kwanza, taratibu, kama mtu anayevuka kwenye mawe.

"Mama," akasema. "Yetu iko wapi?"

Shamba ni letu liko, si yetu iko. Neno lilikuwa limeshanifika kwenye meno, nikalimeza.

"Iko, mwanangu," nikamwambia. "Yetu iko Uluguru. Iko kwa bibi yako."